Nilisema Sifuri Ndiyo Kila Kitu. Nimerudi Kujisahihisha

Wiki mbili zilizopita niliposti klipu nimekaa ukutani pale Mama Ngina, nyuma yangu meli ya makontena inaingia Kilindini polepole kama bibi harusi, na mimi kwa kujiamini kabisa nikasema: bondia wa uzani mzito akistaafu bila kupigwa hata mara moja, mjadala umeisha. Huyo ndiye mkubwa wao wote. Rocky Marciano, mapambano 49, ushindi 49, sifuri. Mengine ni kelele.

Klipu ikatembea. Wengine mkaipenda, wengine mkanitukana mpaka kofia niliyovaa. Sawa, ndiyo kazi yenyewe. Lakini kuna mtu mmoja aliiona na hakuandika kitu. Alinipigia simu.

Ami yangu. Kakake baba.

"Nimeyaona maneno yako," akasema. "Njoo Ijumaa baada ya swala. Uje na hiyo simu yako. Nataka kukuuliza swali moja tu."

Kwetu, Ami akikuita hivyo huulizi kuna nini. Ijumaa nikatoka Kizingo kwa miguu, nikapitia Treasury Square, nikaingia Mji wa Kale nimebeba mfuko wa maembe kama mtu anayekwenda kuomba msamaha kabla hajajua kosa lake.

Sasa wacha niwaeleze Ami ni nani, manake bila hivyo hamtaelewa. Ami alipigana ndondi za ridhaa mwisho wa miaka ya 80, mwanzo wa 90. Uzani mzito. Mapambano 14, hakupigwa hata moja. Hiyo nimeisikia tangu nikiwa mdogo, kwenye harusi, kwenye Idi, hata kwenye matanga. "Huyu hajapigwa huyu." Akapata kazi bandarini, akaoa, akatundika glavu na sifuri yake. Yaani nilipokuwa nikimsifu Marciano kwenye ile klipu, ukweli ni kwamba nilikuwa nikimsifu Ami.

Nikamkuta barazani na kahawa yake tungu. Hata maembe hakuyatazama.

"Katika zile kumi na nne," akaniuliza, "nilipigana ngapi?"

Nikadhani ananitega. Nikasema kumi na nne.

"Tano nilivaa glavu, nikapanda, nikasimama pale peke yangu kama mlingoti, refa akaninua mkono. Mtu hakuja. Wewe umewahi kuhesabu wanaume wa kilo tisini na zaidi waliokuwa wakipigana ndondi nchi hii? Mmoja wao walimtoa uzani wa chini, wakamlisha wiki mbili, wakamleta ili nipate wa kusimama naye. Maskini wa Mungu. Na kulikuwa na jamaa mmoja wa Nairobi, huyo alinitafuta miaka miwili. Kila akija mimi nina harusi. Kila akija mimi nina homa."

Akanywa kahawa.

"Hakuna alonipiga. Lakini mwanangu, na mimi sijui kama nilikuwa bondia."

Mimi hapo sina la kusema. Unajua ile hadithi umeishi nayo maisha yako yote, halafu mwenyewe anakuja kuifungua nati moja moja mbele yako? Nikauliza kwa nini ananiambia leo, miaka yote hii alikuwa kimya.

"Kwa sababu mwenzio ameiona hiyo klipu yako."

Mwenzangu ni mtoto wake, binamu yangu. Ana miaka 23, anapigana kulipwa, uzani mzito vilevile, 7-0. Mwezi uliopita aliletewa pambano Nairobi na jamaa ambaye amepoteza manne lakini ni bondia kweli, kila mtu kwenye mchezo huu anajua. Binamu alikuwa karibu kukubali. Kisha promota mmoja akamshika sikio: usiharibu sifuri, subiri, nitakutafutia mtu mwepesi. Na binamu alipokwenda kubishana na babake kuhusu hilo, alifungua simu akamuonyesha mimi. Mimi, na meli yangu nyuma, nikisema mjadala umeisha.

Kwa hivyo hii siyo posti ya kutafuta watazamaji. Nimekaa siku kumi nikisoma na kutazama mapambano ya zamani mpaka saa nane usiku, na nimekuja kusema nilikosea, na nieleze nilikosea wapi hasa, kwa sababu sikukosea kila mahali.

Tuanze na mzee Marciano mwenyewe. Huyu ndiye bingwa pekee wa dunia wa uzani mzito aliyemaliza maisha yake yote ya kulipwa bila kupigwa na bila sare. Mapambano 49, nokauti 43. Alitangaza kustaafu Aprili 1956, ana miaka 32. Hiyo hakuna anayeweza kuifuta, na nilipoiita ajabu sikusema uongo. Uzani mzito si kama uzani mwingine. Huku ngumi moja inatosha. Unaweza kushinda raundi kumi na moja, ya kumi na mbili ukazubaa nusu sekunde, ukaamka unaulizwa leo siku gani. Kupita humo mara 49 bila kuteleza ni kitu kikubwa.

Lakini tazama aliopigana nao. Joe Louis, mwaka 1951, alikuwa na miaka 37, amechoka, si yule Louis tena. Jersey Joe Walcott alikuwa na miaka 38 Marciano alipomnyang'anya ubingwa 1952. Archie Moore, pambano la mwisho, Septemba 1955, alikuwa na 38 au 41, inategemea unaamini mwaka gani wa kuzaliwa, manake mwenyewe alikuwa akiuchezea. Ezzard Charles alikuwa mzuri sana lakini ubora wake ulikuwa uzani wa chini. Wakosoaji wamekuwa wakisema haya miaka sabini na hawakosei. Halafu Marciano mwenyewe alikuwa na kilo kama 85 tu. Kwa vipimo vya leo asingehesabiwa hata uzani mzito.

Kisha nikakutana na kitu ambacho sikukijua nilipokuwa nikiropoka ukutani. Machi 1950, New York, Marciano dhidi ya Roland La Starza, wote wawili hawajawahi kupigwa. Jaji mmoja akampa Marciano, jaji mwingine akampa La Starza, na refa alikuwa na raundi tano kwa tano. Ikabidi waangalie pointi za ziada, utaratibu uliotumika kule wakati ule, ndizo zikampa Marciano. Yaani ile sifuri takatifu tunayoiimba ilining'inia kwenye hesabu za penseli ya mtu mmoja. Refa angeamka na mood nyingine siku ile, Marciano angekuwa 48-1, na ngumi zake zingekuwa zilezile, kidevu kilekile, moyo uleule. Angekuwa mtu mdogo zaidi? Hapo ndipo nilipoanza kuona aibu na klipu yangu.

Na ukitaka kujua kwa nini Marciano alikuwa mkubwa kweli, siyo kwa sababu ya sifuri. Tazama usiku wa Walcott, Philadelphia. Anaangushwa raundi ya kwanza. Anapigwa usiku kucha. Inafika raundi ya 13, yuko nyuma kwenye kadi zote tatu, anahitaji nokauti au anarudi nyumbani mikono mitupu. Akarusha mkono wa kulia mfupi ambao mpaka leo ukiutazama unajishika shavu mwenyewe. Au Charles, pambano la pili, 1954: pua imepasuka vibaya, damu haizuiliki, kuna hatari pambano lisimamishwe, akamaliza raundi ya nane. Ule ndio urithi. Sifuri ni risiti tu.

Sasa niende kwa mtu ambaye kwangu ndiye anayevunja hoja yangu ya zamani kabisa, na wala si Ali. Ni George Foreman.

Fikiria hivi. Tuko Septemba 1974. Foreman ana miaka 25, mapambano 40, ushindi 40, nokauti 37. Joe Frazier amemwangusha mara sita ndani ya raundi mbili kule Jamaica. Ken Norton naye hakumaliza raundi ya pili, Caracas. Hawa wawili ndio waliokuwa wamempiga Ali. Kama Foreman angesema siku ile, jamani nimechoka, nastaafu, leo mimi na wewe tungekuwa tunabishana naye yuko kileleni. Tungesema Ali alibahatika hakukutana naye. 40-0, shetani mwenyewe.

Hakustaafu. Akaenda Kinshasa, hapo kwa jirani zetu Kongo, tarehe 30 Oktoba, usiku wa manane, uwanja mzima unamwimbia mpinzani wake amuue. Raundi ya nane akaanguka. Sifuri ikaisha mbele ya dunia nzima.

Na unajua nini? Miaka ishirini baadaye, Novemba 1994, mtu huyuhuyu, mzee wa miaka 45, kipara, tumbo limetangulia, amevaa bukta ileile ya Kinshasa, yuko nyuma kwa pointi dhidi ya Michael Moorer, kisha raundi ya kumi anampiga ngumi moja mbili na kuwa bingwa tena. Bukta ileile! Mtu mwenye sifuri hawezi kufanya kitu kile, manake hana Kinshasa ya kurudia. Foreman alipofariki Machi 2025 hakuna aliyeanza na ile 40-0. Watu walianza na Kinshasa, wakamaliza na Moorer.

Ali naye ana vipigo vitano. Joe Louis vitatu. Ingia kibanda chochote cha kunyolea kuanzia Majengo mpaka Likoni uulize nani mkubwa wa uzani mzito, uone kama kuna atakayeanza na Marciano. Binafsi sijawahi kumsikia, isipokuwa mimi mwenyewe kwenye ile klipu.

Hapa nataka niseme la nyumbani, kwa sababu tunapenda kubishana kuhusu Wazungu na Wamarekani na sisi tuna watu wetu.

Ayub Kalule wa Uganda. Bingwa wa dunia wa ridhaa, Havana 1974. Akahamia Denmark, akawa bingwa wa dunia wa kulipwa 1979 kwa kumpiga Masashi Kudo kwao Japani. Si uzani mzito, najua, tulieni. Alifika 36-0. Halafu Juni 1981, Houston, akasimama mbele ya Sugar Ray Leonard, akapigwa raundi ya tisa. Angeweza kukwepa. Mkanda ulikuwa wake, angebaki Ulaya anatetea dhidi ya watu wa kawaida mpaka afike 45-0, astaafu, apigiwe picha. Nilipotazama pambano lile, wallahi, Kalule aliyepigwa na Leonard ni bondia mkubwa kuliko Kalule yeyote ambaye angekaa Copenhagen kulinda namba. Leonard mwenyewe alikuwa kwenye shida mle ndani.

Au Fatuma Zarika wetu. Alipokwenda Marekani 2016 kupigania mkanda wa WBC na Alicia Ashley, rekodi yake ilikuwa na vipigo vingi tu. Promota wa leo angeitazama ile karatasi akaikunja. Akarudi na mkanda. Sasa niambie, ungependa binti yako aijue rekodi gani, ile au 10-0 ya kupiga watu waliookotwa stendi?

Na kwa wanaodhani ubingwa wa ulingoni unatosha kumpa mtu jina jema, kanda hii ilikuwa na bondia mmoja mkubwa wa mwili, alishika ubingwa wa Uganda wa uzani wa karibu na mzito kwa miaka kama tisa, 1951 mpaka 1960. Jina lake Idi Amin. Haya, tuendelee.

Lakini nilisema sikukosea kila mahali, na hapa ndipo pagumu.

Kuna mambo mawili tunayachanganya. Moja ni sifuri. La pili ni kuondoka. Tukisema "alistaafu bila kupigwa" tunasherehekea lile neno la mwisho, kupigwa, na tunalipita lile la kwanza, alistaafu. Mimi sasa naona ukubwa wote uko kwenye lile la kwanza.

Mwaka 1959 Ingemar Johansson wa Sweden alipochukua ubingwa, Marciano alishawishika kurudi. Pesa ilikuwa mezani. Akafanya mazoezi karibu mwezi mzima, akajisikiliza, akaacha. Hakuna mkanda, hakuna mashabiki, hakuna picha. Mtu peke yake anaamua basi. Kwangu hilo ni kubwa kuliko mapambano thelathini ya mwanzo kwenye rekodi yake.

Joe Louis naye aliondoka bingwa. Watu husahau. Alishika ubingwa tangu 1937, akautetea mara 25, akastaafu 1949 akiwa na kipigo kimoja tu maisha yake yote. Aliondoka vizuri kuliko karibu kila mtu. Kisha serikali ya Marekani ikamdai kodi, deni ambalo hakuwa na njia ya kulilipa isipokuwa ngumi. Akarudi. Akapigwa na Charles, kisha Marciano akamtupa nje ya kamba. Inasemwa Marciano alilia chumbani baada ya pambano lile. Kwa hivyo wale watu wawili hawakutofautiana kwa ushujaa. Mmoja aliweza kukaa nyumbani, mwingine hakuweza. Kustaafu bila kupigwa ni anasa, jamani. Unahitaji akiba, unahitaji mke anayesema kaa, unahitaji mtu asiyekudai.

Na sisi Kenya tunajua kinachotokea mtu asipoondoka. Robert Wangila. Seoul 1988, fainali, anamtwanga Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili, dhahabu. Mpaka leo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imepata nje ya riadha. Akaenda kulipwa Marekani, mambo hayakwenda kama ndoto. Julai 1994, Las Vegas, akapigana na David Gonzales. Refa akasimamisha raundi ya tisa, na Wangila akalalamika, anataka kuendelea. Akaingia chumba cha kubadilisha nguo, akaanguka. Siku mbili baadaye akafariki. Miaka 26.

Miaka 26. Binamu yangu ana 23.

Ndiyo maana simcheki mtu anayeondoka mapema, na sitamcheka Ami. Ami ana karibu miaka sitini, mkono wake hautetemeki akimimina kahawa, anakumbuka jina la kila mtu aliyehudhuria harusi yake. Ali aligunduliwa na Parkinson 1984, miaka mitatu tu baada ya pambano lake la mwisho, ambalo kila mtu alijua hafai kupigana. Nikamwambia Ami hivyo pale barazani. Nikamwambia, labda zile homa zako na harusi zako ndizo zilizokuokoa.

Akasema, "Huenda. Lakini usije ukamuita mtu aliyejificha kwamba ameshinda."

Hiyo ndiyo mizani yangu sasa, na naitumia hata kwa mabondia wa leo. Floyd Mayweather alipofika 50-0 mwaka 2017, ile ya hamsini ilikuwa ni Conor McGregor, mtu ambaye hajawahi kupigana ndondi za kulipwa hata siku moja. Floyd ni fundi, sibishi, lakini ile ya hamsini ni ya duka la zawadi. Tyson Fury Aprili 2022, Wembley imejaa, amemaliza Dillian Whyte, akasema basi. 32, sifuri, sare moja. Angekaa hapo tungemuimba. Akarudi, Francis Ngannou akamwangusha 2023, kisha Usyk akampiga mara mbili 2024. Watu wanasema ameharibu urithi wake. Mimi sioni. Naona sasa tunajua Fury ni nani hasa. Mtu aliyetoa pambano kali usiku ule wa Mei Riyadh na kupoteza kwa kadi za majaji waliogawanyika ni mtu mkubwa kuliko aliyeaga na Whyte.

Halafu Oleksandr Usyk. Huyu ndiye anayenipa tabu, kwa sababu ana sifuri na bado nampenda. Alipompiga Daniel Dubois Wembley Julai 2025 alifika 24-0 akiwa na miaka 38. Lakini tazama ile sifuri imepita wapi. Alimpiga Mpolandi kwao Poland. Akampiga Briedis Riga, kwao. Akampiga Gassiev Moscow, akiwa Muukraine, mwaka 2018, fikiria hilo kidogo. Bellew Manchester. Joshua London. Dubois London. Sifuri ya Usyk ina mihuri mingi kwenye pasipoti kuliko baharia. Hakuilinda, aliitembeza kwenye nyumba za watu na kusema nani anaitaka. Kama angetundika glavu usiku ule ule, ningesimama na kupiga makofi, na nisingetaja namba hata moja.

Sasa rudi Mombasa. Biashara ya sifuri huku kwetu ilivyo, wacha niseme wazi kwa sababu wengi mnaona mabango tu. Promota anauza namba. 7-0 kwenye bango inaonekana vizuri, 7-1 watu wanauliza alipigwa na nani. Kwa hivyo kijana analetewa mzee aliyestaafu, mlevi wa mtaa, mtu aliyepigiwa simu jana. Raundi mbili, kalala, picha, 8-0. Kijana anapata pesa ya kulipa kodi ya mwezi mmoja na nusu na hajajifunza kitu. Na siku namba ikifika 12 au 15, simu inalia kutoka Ulaya au Ghuba: kuna kijana wao anataka kumpiga mtu mwenye rekodi nzuri, njoo baada ya wiki mbili. Hapo sifuri inauzwa, na mwenye kuiuza si kijana. Anapanda ulingoni kukutana na bondia wa kweli kwa mara ya kwanza maishani, mbali na kwao, na kichwa ambacho hakijawahi kujifunza kujikinga.

Hilo ndilo linalonitisha kuliko lile pambano la Nairobi. Yule jamaa wa vipigo vinne atamfundisha binamu kitu, ashinde ashindwe. Walevi wa promota hawatamfundisha hata kukunja ngumi.

Nilimtumia binamu haya yote kwa sauti, dakika kumi na moja. Akasikiliza, nikaona alama za bluu, kimya. Siku mbili.

Juzi alfajiri akaja Mama Ngina, pale kwenye mibuyu ambapo hukimbia kabla jua halijawaka. Akanitupia pedi. Mimi si mtu wa pedi, nilizivaa vibaya, akacheka. Akaanza taratibu. Feri inavuka nyuma yake imejaa watu wa kazini, wengine wamesimama wanatutazama.

"Nikipigwa Nairobi," akasema, "utaposti?"

Nikasema nitaposti.

"Yote?"

"Yote. Ukianguka nitaposti ukianguka."

Akanyamaza. Kisha akaachilia mkono wa kulia, kiganja changu kikafa ganzi mpaka kwenye kiwiko, na mpaka sasa naandika hii kwa vidole vya mkono mmoja.

Hajasema ndiyo. Lakini jana jioni Ami alinipigia tena, bila salamu ndefu, kuniuliza tiketi za SGR za watu watatu kwenda Nairobi ni pesa ngapi siku hizi.